Ukitaka blugamu zing'oke mtoni Kisii, anza na hesabu

PITA kwenye bonde lolote Gusii, iwe ni Kisii au Nyamira, utaona kitu kile kile. Chini kabisa, pale maji yanapopita, imesimama mistari ya mikaratusi, au blugamu kama tunavyoiita mtaani.

Kila mtu anajua miti hiyo inakunywa maji vibaya sana. Mwaka 2009, marehemu John Michuki akiwa Waziri wa Mazingira, aliamuru ing'olewe kando ya mito na chemchemi. Mawaziri wamebadilika mara ngapi tangu hapo? Blugamu bado zipo.

Sababu haijifichi. Blugamu ni benki. Mtoto akiitwa shule ya upili na karo haipo, mzee anauza miti kumi na mambo yanaendelea. Viwanda vya majani chai vinataka kuni. Mafundi wa nyumba wanataka nguzo. Soko liko hapo hapo.

Sasa afisa anakuja kwenye baraza la chifu na kusema, "Ng'oeni, tuhifadhi mazingira." Swali linalotoka kwa watu walioketi nyuma ni moja tu: nani atalipa?

Wataalamu wetu wengi hawajafunzwa kujibu swali hilo. Wamesomea miti, udongo na sheria. Lakini pesa ya kulinda ardhi inatoka wapi, inamfikia nani, na inafika lini? Hapo wengi wanakwama, na mkulima anabaki na mti wake.

Tufanye hesabu kidogo. Hizi ni namba za kukisia, lakini hazijatoka mbali. Tuseme mama mmoja ana robo ekari kando ya kijito. Akipanda blugamu kwa nafasi ya mita mbili na nusu kila upande, anapata miti kama 160. Tuseme anaiuza baada ya miaka sita, kila mmoja Sh500. Hiyo ni Sh80,000, yaani kama Sh13,000 kwa mwaka bila kupalilia wala kuamka alfajiri.

Ukimwambia ang'oe apande mianzi, sawa, mianzi itamlipa. Lakini si leo. Itachukua miaka kadhaa kabla hajakata hata mmoja wa kuuza. Anaweza kuweka nyasi za nepia katikati akalisha ng'ombe, hilo litapunguza makali. Bado kuna pengo la miaka miwili au mitatu ambapo shamba halimpi kile alichozoea.

Kufadhili uhifadhi, ukiondoa maneno makubwa ya semina za hotelini, ni kutafuta mtu wa kuziba pengo hilo. Kenya tayari tumewahi kujaribu njia kadhaa.

Njia ya kwanza ni anayetumia maji kumlipa anayeyalinda. Pale Naivasha, kwa msaada wa mashirika ya WWF na CARE, watumiaji maji walio karibu na ziwa wakiwemo wakuzaji maua walianza kuwapa wakulima wa nyanda za juu vocha za pembejeo. Wakulima nao walipanda miti na kuacha mikanda ya nyasi ili udongo usiteremke ziwani. Huku kwetu mto Gucha unaanzia milima ya Nyamira, unapita Kisii na Migori hadi Ziwa Victoria. Mji wa Kisii wenyewe unakunywa maji ya Gucha yanayosafishwa Kegati. Kwa hivyo walipaji wanaowezekana wanajulikana: kampuni ya maji, viwanda vya chai, kaunti jirani iliyo chini. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaonyesha, kwa shilingi, matope yanawagharimu kiasi gani kila mwaka.

Njia ya pili ni kukodi ardhi ili ibaki ilivyo. Kuanzia mwaka 2000, wenye mashamba Kitengela walilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasiweke ua, wanyama wa Mbuga ya Nairobi wapate njia. Malipo yalipangwa yaendane na wakati wa karo. Huyo aliyepanga tarehe hizo alielewa maisha ya watu.

Lakini ukiinakili hiyo na kuibandika Kisii, utachekwa. Mwenye ekari 100 Kitengela alipata dola 400. Mama yetu wa robo ekari angepata dola moja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 950 kwa kila kilomita mraba. Hapa ardhi ni ya kupima kwa hatua. Mpango wowote lazima uunganishe mashamba mamia kando ya kijito kimoja na kuwalipa wenyewe kama kundi.

Njia ya tatu ndiyo inayopigiwa kelele sana siku hizi: hewa ya kaboni. Magharibi mwa nchi, shirika la Vi Agroforestry na Benki ya Dunia waliendesha mradi uliolenga wakulima 60,000 wenye mashamba madogo. Mapema mwaka 2014 mradi huo ulipata hati zake za kwanza, tani 24,788 za kaboni. Gawanya hizo tani kwa maelfu ya wakulima uone kila mmoja anabaki na nini. Faida kubwa kwa wengi ilikuwa mavuno kuongezeka baada ya udongo kutunzwa. Kwa hivyo mtu akikuambia kaboni itakuomosha ukiwa na nusu ekari, muulize hesabu yake.

Muulize na sheria pia. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023 yanataka miradi ya kaboni inayotumia ardhi kutoa angalau asilimia 40 ya mapato kwa jamii. Inasikika tamu. Ila mkataba huo wa jamii umewekwa kwa ardhi ya umma na ardhi ya jamii. Gusii karibu kote ni mashamba ya watu binafsi, na mengi bado yako kwa jina la babu aliyefariki zamani. Nani atatia sahihi? Wajomba wakigombana, pesa zinaenda wapi? Wakili au mpima ardhi aliyefunzwa mambo haya atauliza kabla ya mtu kushika kalamu. Asiyefunzwa atapiga picha na wageni na kuondoka.

Ndiyo maana naona mafunzo ya kazi hii si anasa. Pesa zinakuja. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola 150 milioni kwa mpango wa FLLoCA, unaofadhili hatua za tabianchi kutoka mashinani. Unapitia Hazina ya Kitaifa hadi kaunti, na kamati za wadi ndizo zinazopanga miradi. Kwanza kaunti hupewa ruzuku ya kujenga uwezo, kisha ruzuku ya miradi yenyewe. Hiyo ya kujenga uwezo ikiishia kwenye chai na mandazi, ile ya pili itajenga matangi na kununua miche isiyo na wa kuitunza.

Nani afunzwe? Afisa wa kilimo wa wadi. Mhasibu wa sacco, kwa sababu yeye ndiye anayejua mkulima anakopa lini na analipa lini. Mpima ardhi. Wakili kijana. Chuo Kikuu cha Kisii kiko mjini hapa, na Chuo cha Serikali cha Kenya kipo kwa wafanyakazi wa umma. Kozi ya wiki mbili inatosha kuanza, ilimradi mtihani wake ufanyiwe shambani: chukua kijito kimoja, hesabu mashamba, andika nani anapoteza nini, tafuta mlipaji, andaa mkataba ambao mama wa robo ekari ataelewa akisomewa kwa Ekegusii.

Na mlango usifungwe kwa vyeti. Mimi chuo sikumaliza, na najua vijana wengi hapa wanaoweza kupima shamba kwa simu, kuhesabu miti na kuweka rekodi vizuri kuliko wenye digrii. Mradi wowote wa kulipia uhifadhi unahitaji watu wa kurudi kila msimu kuhakikisha kilichoahidiwa kimefanyika. Hiyo ni kazi, na inafaa ilipwe.

Kikao cha ushirikishi wa umma kikiitishwa kwenye wadi yako, usiachie wazee peke yao. Nenda. Uliza miti inayong'olewa inalipwa kiasi gani, na nani, na malipo yatafika kabla ya karo ya Januari au baada. Wakisema watakujibu baadaye, omba iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.