Nguruwe haingii joto? Kagua mahindi kabla ya kununua sindano

Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Afisa, jike wangu kaachisha watoto wiki mbili sasa, joto hakuna. Nimchome sindano gani?" Mimi huwa naanza na swali langu: mahindi unayomlisha yakoje?

Jike mwenye afya huingia joto siku 4 hadi 7 baada ya kuachisha. Amri inatoka kwenye tezi ya pituitari, kitezi kidogo kama punje ya njegere kilicho chini ya ubongo. Kinatuma homoni kwenye ovari kupitia damu, mayai yanakomaa, na ovari zinatoa estrojeni. Estrojeni ikiongezeka, tezi inapata taarifa na kupunguza homoni ya kukomaza mayai.

Sasa, kuvu aina ya Fusarium huota kwenye mahindi, hasa kukiwa na mvua na baridi, na hutengeneza sumukuvu iitwayo zearalenoni. Sumu hii huigiza estrojeni. Tezi inadanganyika kwamba estrojeni ipo tele, inapunguza kutuma homoni, mayai hayakomai. Jike anakaa tu, wakati mwingine kama ana mimba kumbe hamna kitu. Majike wadogo ambao hawajapevuka wao huvimba uke na kuwa mwekundu, utadhani wana joto. Ukiona hivyo kwa wengi banda moja, shuku chakula.

Fanya hivi:

- Acha kulisha mahindi hayo leo. Uvimbe wa majike wadogo kwa kawaida huisha ndani ya wiki chache.
- Usichemshe ukidhani umeua sumu. Kuvu hufa, sumu inabaki.
- Pumba ichunguze zaidi, maana sumu hujikusanya kwenye maganda.
- Usimhamishie kuku. Zearalenoni anaivumilia, lakini mahindi yenye kuvu yanaweza kuwa na aflatoksini pia.
- Kausha mahindi kwenye turubai hadi unyevu usiozidi 13%, kisha weka magunia juu ya chaga.

Sindano ya homoni haiondoi sumu iliyoko kwenye chakula. Kama chakula ni safi na bado hakuna joto, mwite daktari wa mifugo, kwani kukonda na magonjwa pia huzuia joto.

Piga hesabu: kila mzunguko ukipotea, umelisha siku 21 bila mtoto hata mmoja. Mahindi mabovu ya bei chee ndiyo ghali kuliko yote.