Mkazo na Silabi katika Wimbo: Ndege Wawili wa Amerika ya Kaskazini

Kila mwanafunzi wa fonolojia anafahamu kuwa "barabara" ipitayo magari na "barabara" yenye maana ya sawasawa huandikwa kwa herufi zile zile, lakini mkazo huzitenganisha. Mfano unaokaribiana na huo unapatikana Amerika ya Kaskazini, miongoni mwa ndege wadogo wanaonasa nzi na wadudu wengine hewani.

Nao ni Empidonax traillii, ndege wa mierebi, na Empidonax alnorum, ndege wa mialda. John James Audubon alimpa wa kwanza jina hilo mnamo 1828 kumuenzi rafiki yake, Thomas Traill wa Uskoti. Kwa muda mrefu wawili hawa walihesabiwa kuwa spishi moja, na si ajabu: wote wana mgongo wa kijani kilichofifia, koo jeupe na mistari miwili myeupe bawani. Hata mtaalamu aliyemshika mkononi na kumpima mara nyingi humwandika tu kwa jina la jumla la Traill.

Kilichowatenga ni wimbo. Wa mierebi hutoa silabi mbili, takriban fits-byu, mkazo ukiwa kwenye ya kwanza. Wa mialda hutoa tatu, fii-bii-o, mkazo ukiangukia ya pili. Robert Stein aliieleza tofauti hiyo katika utafiti wa 1963, na mwaka 1973 wataalamu wa ndege wa Marekani wakawatambua rasmi kuwa spishi mbili.

Je, wimbo huo hufunzwa? Donald Kroodsma alilea makinda huku akiyasikilizisha wimbo wa spishi nyingine. Matokeo yake, yaliyochapishwa 1984, yalionyesha kuwa kila kinda lilikua likaimba wimbo wa ukoo wake. Hapo ulinganisho na lugha unakoma, maana mtoto wa binadamu hunena lugha ya waliomlea.

Suala hili si la kinadharia tu. Nususpishi ya kusini-magharibi ya ndege wa mierebi iliorodheshwa na Marekani mnamo 1995 kuwa hatarini kutoweka, baada ya mabwawa, uchotaji wa maji na malisho ya mifugo kuangamiza vichaka vya kandokando ya mito. Wanaokwenda kumhesabu hucheza wimbo uliorekodiwa, kisha husubiri kichakani. Ndege akionekana bila kutoa fits-byu yake, hawawezi kumthibitisha.