Mazuku: Hewa Inayoua Bila Harufu

Kama unakaa Goma ama Sake, neno mazuku unalijua. Ni ule upepo mbaya unaoua mbuzi, ndege, hata watoto. Pengine umeambiwa kwamba ni uchawi. Sivyo. Ni hewa iitwayo kabonidioksidi, inayotoka chini ya ardhi penye volkano. Haina rangi wala harufu. Ni nzito, basi inalala mabondeni na mashimoni kama maji, zaidi usiku na asubuhi mapema, wakati hakuna upepo. Mtu mzima akisimama, kichwa chake chaweza kuwa juu yake. Mtoto aliye kando yake anaivuta na kufa.

Nani hutuchunguzia mambo haya? Ni wafanyakazi wa Kituo cha Volkano cha Goma, kilichoanza mwaka wa 1986. Wanapima hewa hiyo, tena wanafuata matetemeko ya mlima Nyiragongo kwa vyombo vyao.

Je, kazi yao inatusaidia? Ndiyo. Kabla ya moto kuingia Goma tarehe 17 Januari 2002, walikuwa wameona dalili na kuonya. Lakini tarehe 22 Mei 2021 moto ulishuka jioni bila onyo, na watu karibu 30 walikufa. Dalili za mlima zilikuwa chache, tena fedha za kituo zilikuwa zimepungua. Siku tano baadaye vyombo vilionyesha matetemeko mengi chini ya mji, na wakubwa wakaamuru watu wengi wahame. Basi tuone: kituo kina faida kikipata vyombo na fedha, na onyo lina faida likisikiwa.

Sasa kazi yako ni hii:

1. Usijenge wala usilale penye mazuku.
2. Wakataze watoto kucheza na kuchunga katika mabonde hayo. Ukiona ndege au panya waliokufa, rudi.
3. Mtu akianguka humo, usishuke mbio kumtoa. Wengi wamekufa hivi. Ita watu, tafuta kamba umvute kutoka juu.
4. Ukisikia onyo la kuhama, ondoka upesi. Chukua watoto, wazee, wagonjwa na dawa zao. Huko uendako, chemsha maji ya kunywa, maana kipindupindu hufuata wakimbizi.

Mwambie jirani yako leo, kabla mtoto wake hajashuka bondeni kesho asubuhi.