Je, fundi wa mashine za fotokopi anahitaji vifaa vya kupimia umeme?

MASHINE ya kutoa nakala inapogoma asubuhi katika duka lililo jirani na chuo au mahakama, hasara huanza kuhesabiwa papo hapo. Wanafunzi wenye kazi za kukabidhi na wananchi wenye viambatisho vya kesi hawasubiri; huvuka barabara na kuingia duka la pili. Mwenye duka humpigia simu fundi, naye fundi hufika na mkoba ambao aghalabu huwa na bisibisi, brashi, kitambaa na chupa ya spiriti.

Swali ambalo mafundi wa fani hiyo wamekuwa wakilijadili kwa muda mrefu ni iwapo mkoba huo unapaswa kuwa pia na vifaa vya kupimia umeme. Wapo wanaosema kuwa hitilafu nyingi hutokana na uchafu na uchakavu, hivyo mita ni mzigo usio na kazi. Wengine wanashikilia kuwa fundi asiye na kipimo ni mbahatishaji, na kwamba gharama ya kubahatisha hulipwa na mteja.

Ukweli ni kwamba pande zote mbili zina hoja. Hitilafu zinazohitaji mita ni chache zikilinganishwa na zile zinazomalizwa kwa kusafisha au kubadilisha rola. Hata hivyo, hizo chache ndizo zenye gharama kubwa, ndizo zenye hatari ya moto, na ndizo ambazo kosa moja la utambuzi humfanya mwenye duka anunue kifaa asichokihitaji.

Mashine inavyofanya kazi

Msingi wa teknolojia hii uliwekwa Oktoba 22, 1938, pale Mmarekani Chester Carlson alipofanikiwa kutoa nakala ya kwanza kwa njia ya umemetuli huko Astoria, New York. Mwaka 1959 mashine ya Xerox 914 ikaingia sokoni na kubadili kabisa kazi za ofisi.

Kanuni hiyo bado haijabadilika. Dramu iliyo ndani ya mashine huchajiwa umemetuli, kisha mwanga, ambao katika mashine za kisasa ni wa leza, huchora juu yake sura ya maandishi. Unga wa wino uitwao tona hunasa kwenye sura hiyo na kuhamia kwenye karatasi. Mwisho, karatasi hupita katikati ya rola mbili zenye joto linalokaribia nyuzi 200 za Selsiasi, tona ikayeyuka na kugandamana na karatasi. Sehemu hiyo ya mwisho mafundi huiita fyuza.

Kutokana na mpangilio huo, hitilafu zinaweza kugawanywa katika makundi matatu: mwendo wa karatasi, ubora wa nakala, na umeme pamoja na joto. Kila kundi lina kipimo chake.

Pale ambapo rula inashinda mita

Karatasi zinapokwama au kuvutwa mbili kwa pamoja, jambo la kwanza kuchunguza ni mpira wa rola ya kuvutia karatasi. Mpira uliochakaa hung'aa na kupoteza mshiko, na hilo huonekana kwa macho na kuhisiwa kwa kidole. Katika miji ya Pwani kama Dar es Salaam na Tanga, karatasi nazo hunyonya unyevu, hasa wakati wa masika. Karatasi ya namna hiyo hujikunja inapopita kwenye joto na tona huihamia kwa shida. Hapo dawa ni kufungua rimu nyingine iliyotunzwa mahali pakavu. Mita haina la kusema.

Kwa upande wa ubora wa nakala, kipimo chenye manufaa makubwa ni rula ya kawaida ya mwanafunzi. Alama nyeusi inayojirudia kwa umbali ulio sawa kwenye ukurasa husababishwa na kitu kinachozunguka, na umbali huo ni sawa na mzingo wa kitu hicho. Dramu yenye kipenyo cha milimita 30 ina mzingo wa takriban milimita 94. Ikiwa doa linajirudia kila baada ya milimita 94, mtuhumiwa ni dramu. Rola ya fyuza yenye kipenyo cha milimita 40 itaacha alama kila baada ya milimita 126 hivi.

Aidha, mstari mweusi ulionyooka kutoka juu hadi chini mara nyingi huashiria ncha ya ubao wa kufutia dramu iliyoharibika, mchubuko kwenye dramu yenyewe, au uchafu kwenye kioo cha kusomea. Hayo yote hugunduliwa kwa kutoa nakala ya majaribio na kuitazama kwa utulivu.

Fyuza ndipo mita inapojilipia

Hali hubadilika pale mashine inapokataa kupata joto na kuonyesha namba ya hitilafu kwenye kioo chake. Mashine za Canon, kwa mfano, hutumia namba E000 kueleza tatizo la joto la fyuza, na za Ricoh hutumia SC542 pale fyuza inaposhindwa kufikia joto linalotakiwa kwa wakati uliopangwa.

Namba hizo hueleza kilichotokea bila kutaja kilichosababisha. Joto linaweza kukosekana kwa sababu taa ya hita imekatika, kinga ya joto iitwayo themostati imefunguka, kipima joto kiitwacho themista kinatoa taarifa za uongo, waya umeachia, au bodi inayoamuru hita iwake imekufa. Tofauti ya bei kati ya themostati na bodi ni kubwa mno kuachiwa bahati.

Hapa multimita, ile mita ndogo ya mkononi inayopima volti, mkondo na ukinzani, hutoa jibu kwa dakika chache. Mashine huzimwa, plagi huchomolewa na fyuza huachwa ipoe. Kisha fundi hupima ukinzani, ambao kizio chake ni omu. Taa nzima ya hita ikiwa baridi husoma omu chache tu. Iliyokatika haisomi kitu. Themostati nzima husoma karibu na sifuri. Themista husoma makumi au mamia ya maelfu ya omu, na thamani hiyo inapaswa kushuka taratibu fundi anapoipasha joto kwa vidole. Isiposhuka, themista hiyo haifai.

Ikiwa vyote vitatu ni vizima, hapo ndipo fundi ana haki ya kuanza kuitilia shaka bodi.

Ikumbukwe kwamba themostati au fyuzi ya joto haifunguki bila sababu. Hukata umeme pale joto linapopindukia kiwango cha usalama, pengine kwa kuwa themista imefunikwa na tona iliyoganda ikashindwa kuhisi joto halisi. Fundi anayeiruka kinga hiyo kwa kuunganisha waya moja kwa moja ili mashine iwake "kwa leo" anaondoa kizuizi cha mwisho kati ya rola yenye joto kali na karatasi kavu. Mashine itafanya kazi, lakini duka zima litakuwa hatarini kuungua.

Vihisi, klachi na milango

Ndani ya mashine kuna vihisi vingi vinavyotambua karatasi ilipofika, ambavyo kwa kawaida hutumia umeme wa volti 5. Kihisi kizima hubadili volti zake pale kijiti chake kinaposogezwa. Mashine nyingi za kisasa zina ukurasa wa siri wa mafundi unaoonyesha hali ya kila kihisi kwenye kioo, hivyo fundi anayejua kuufungua anaweza kuvikagua bila mita. Pale ukurasa huo unapoonyesha kuwa kihisi kimelala, mita husaidia kujua kama kimekufa au kama hakipati umeme.

Mota na klachi nazo kwa kawaida hutumia volti 24. Ikiwa volti 24 zinafika kwenye klachi wakati mashine inaiamuru ivute na haivuti, klachi ndiyo mbovu. Ikiwa hazifiki, kuibadilisha ni kupoteza fedha.

Zaidi ya hapo, swichi za milango hukata umeme huo kila mlango unapofunguliwa ili kumlinda mtumiaji. Bawaba iliyolegea au kijiti cha plastiki kilichovunjika huweza kuifanya mashine nzima ionekane imekufa, ilhali kilichokosekana ni kipande kidogo kuliko kidole.

Hitilafu iliyo ukutani

Pengine matumizi yenye faida kubwa kuliko yote ni yale yasiyogusa mashine kabisa. Umeme wa majumbani na maofisini nchini Tanzania ni wa volti 230. Mashine ya wastani inapopasha fyuza inaweza kutumia wati 1,500, yaani takriban ampea 6.5. Kiasi hicho si kidogo kwa waya mwembamba wa ekstensheni unaopita chini ya meza.

Hesabu yake ni nyepesi. Ekstensheni ya mita 20 yenye nyaya za milimita 0.5 za mraba ina ukinzani wa karibu omu 1.5 kwenda na kurudi. Kwa mkondo wa ampea 6.5, volti 10 hupotea njiani, na zaidi ya wati 60 hugeuka joto ndani ya waya wenyewe. Waya wa milimita 1.5 za mraba ungepoteza volti tatu au nne tu. Ikiwa soketi yenyewe ilikuwa ikitoa volti 210, mashine hubaki na 200, chini ya asilimia 10 ya upungufu ambayo vifaa vingi hustahimili.

Ndiyo maana kipimo kinapaswa kuchukuliwa mara mbili: mashine ikiwa imetulia, na mashine ikiwa inapasha joto. Volti zikishuka kwa 20 au 30 wakati wa kupasha, tatizo liko kwenye nyaya au maungio ya jengo. Anayehitajika hapo ni fundi umeme, na fedha za bodi mpya hubaki mfukoni mwa mwenye duka.

Kipimo hicho kina uzito pia kwa mashine zilizotumika zinazoagizwa kutoka nje. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na ya Marekani volti 120. Kuichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya volti 230 ni kuiua. Transfoma inayopunguza umeme huo nayo lazima imudu wati za mashine, na kibandiko kilicho nyuma ya mashine husomwa kabla ya kitu kingine chochote.

Wanaotumia inveta umeme unapokatika wanapaswa kujua jambo moja zaidi. Inveta za bei nafuu hutoa umeme wenye umbo la ngazi, na mita ya kawaida husoma vibaya umeme wa namna hiyo. Inaweza kuonyesha volti 180 hivi huku thamani halisi ikiwa 230. Mita inayopima thamani halisi huondoa mkanganyiko huo.

Osiloskopu ibaki karakana

Vipi kuhusu osiloskopu, kifaa kinachochora umbo la umeme kwenye kioo? Ni kifaa chenye thamani kwa fundi anayetengeneza bodi mezani, kwa kuwa huonyesha mawimbi yanayobadilika haraka kuliko mita inavyoweza kufuata. Dukani kwa mteja, hata hivyo, nafasi yake ni finyu. Fundi wa nje hubadilisha bodi nzima, na ili kufaidi osiloskopu anahitaji pia mchoro wa saketi, ambao si rahisi kuupata. Kipima kapasita nacho ni cha karakana, kwani kapasita nyingi hupimika vyema zikiwa zimefunguliwa kutoka kwenye bodi.

Umeme mkubwa wa kuchajia dramu haupaswi kuguswa na multimita kamwe. Nyaya za kuchajia katika mashine za zamani hubeba maelfu ya volti, ilhali mita nyingi za mkononi huishia volti 600 au 1,000. Isitoshe, umeme huo una mkondo mdogo sana, kiasi kwamba mita yenyewe huuvuta chini na kutoa jibu la uongo.

Tahadhari kama hiyo inahitajika kwenye pawasaplai. Kapasita zake kubwa hubeba takriban volti 325 na huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi makini husubiri, hupima kuhakikisha zimeisha, ndipo anapogusa.

Mwenye duka afanye nini

Mteja halazimiki kuwa fundi, lakini anaweza kuuliza maswali mawili. La kwanza: kabla ya kusema kifaa fulani kimekufa, fundi amepima nini na amepata kiasi gani? La pili: amepima umeme wa soketi mashine ikiwa inapasha joto? Fundi anayejibu kwa tarakimu amefanya kazi yake. Anayejibu kwamba "kwa uzoefu ni bodi" huenda akawa sahihi, lakini ni mteja atakayelipa iwapo uzoefu huo umemdanganya.

Kwa fundi anayeanza, mpangilio wa mkoba unajieleza. Brashi, kitambaa na rula vitamaliza kazi za siku nyingi. Multimita moja nzuri, yenye nyaya zisizochubuka na iliyotengenezwa kwa ajili ya umeme wa majengo, itamaliza zile zinazobaki.