Majina ya Vigeu Katika Programu za Java

Kigeu, katika lugha ya kompyuta iitwayo Java, ni mahali pa kuwekea thamani, na kila kigeu sharti kipewe jina. Sheria ni chache: jina lisiwe na nafasi ndani yake, lisianze kwa tarakimu, wala lisiwe neno lililotengwa na lugha yenyewe. Herufi kubwa na ndogo hazichanganywi. Bei na bei ni majina mawili. Yaliyosalia ni desturi tu: kigeu huanza kwa herufi ndogo, na kila neno lifuatalo huungwa kwa herufi kubwa.

Desturi hiyo ilitungwa na wasemao Kiingereza, na kwetu ina taabu zake. Tuseme mwandishi wa programu huko Buswelu, Manispaa ya Ilemela, aandika hesabu za samaki wauzwao mwaloni. Kigeu kimoja akiita beiYaSamaki. Akipenda thamani badala ya bei, hapana shida. Lakini akichagua kiasi, sharti aandike kiasiChaSamaki, na chombo cha kubadilishia majina hakijui upatanisho wa ngeli. Yawezekana kuandika beiSamaki. Kazi hupungua, ila hicho ni Kiswahili cha simu ya maandishi, nami sikipendi. Tena kuna wingi. Kikapu na vikapu hutengana mbali katika orodha ya alfabeti, na samaki mmoja na samaki elfu ni neno lile lile, hali Java hukataa vigeu viwili vya jina moja katika eneo moja. Hapo hapana budi kusema orodhaYaSamaki.

Kubadilisha jina kuna hatari nyingine. Oktoba 1964 Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ilipewa jina la Tanzania. Ziwa Tanganyika likabaki na jina lake. Mtu akiiamuru kompyuta ibadilishe neno Tanganyika kila lionekanapo, atabadilisha na ziwa. Katika Java pia, kigeu cha ndani ya kazi moja chaweza kuwa na jina sawa na kigeu cha darasa zima. Chombo kizuri hutazama kitu kitajwacho, si herufi tu, nacho huwatofautisha. Hata hivyo, jina lililofungwa katika alama za kunukuu, kama lile la safu ya hifadhidata, aghalabu hukiponyoka: programu yakubaliwa bila lawama, kisha yashindwa ikiwa kazini, wenye samaki wakingoja hesabu yao.