Aliyeumia Kazini Haanzii kwa Hakimu

Kila msimu wa mavuno mtu kutoka Ziwa, hapa karibu na Eldoret, huniuliza swali lile lile: "Wakili, mkono wangu uliingia kwenye mashine ya kupukuchua mahindi. Nikimshtaki tajiri, korti itanipa ngapi?" Haitakupa kitu. Kifungu cha 16 cha sheria ya Kenya ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007, WIBA, kinamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri kudai fidia ya ajali ya kazini. Dai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini.

Najua imani hii ilikotoka. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu kadhaa vya WIBA, na kwa miaka kumi mahakimu wakaendelea kupokea kesi hizi. Huenda jirani yako alilipwa wakati huo, tena vizuri. Mahakama ya Rufaa ilirejesha kifungu cha 16 mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi tarehe 3 Desemba 2019. Maelekezo ya Jaji Mkuu ya mwaka 2023 yanahusu kesi zilizofunguliwa kabla ya uamuzi huo wa 2019. Yako ya mwaka huu haimo.

Bado mabroka wanawafuata majeruhi hadi wodini wakiwa na karatasi ya kutia sahihi: "Hutoi hata shilingi, wakili atalipwa mkishinda." Mapatano ya namna hiyo ni batili chini ya kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili, na wakili anayegawana ada na broka anavunja sheria. Kinachoniudhi zaidi ni yale wasiyoyasema. Kesi ikitupwa kwa kuwa hakimu hana mamlaka, unaweza kuamriwa umlipe mwajiri gharama zake, na broka hatakuchangia. Baya kuliko hilo, dai lako lilipaswa kumfikia Mkurugenzi ndani ya miezi 12 tangu ajali. Kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena, mwaka unakatika. Mtu aliyekatwa vidole, mwenye mashahidi na ripoti ya daktari, anabaki mikono mitupu kwa sababu ya mlango alioingilia.

Eti ofisini kwa Mkurugenzi wanalipa kidogo. Ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96: ukipokea shilingi 12,000 kwa mwezi na daktari akikadiria asilimia 20, ni shilingi 230,400. Ni kweli hakimu wa zamani angeweza kutoa zaidi, lakini njia hiyo imefungwa.

Basi fanya hivi. Mwarifu mwajiri siku hiyo hiyo, mbele ya shahidi. Ana siku 7 za kumjulisha Mkurugenzi. Akinyamaza, nenda mwenyewe. Kibarua naye ni mfanyakazi. Bili ya matibabu ni ya mwajiri. Weka karatasi zote za hospitali na ujumbe wa M-Pesa wa mshahara wako. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, andika pingamizi ndani ya siku 60. Akilikataa, kata rufaa ndani ya siku 30 katika Mahakama ya Leba, ambayo iko hapa Eldoret. Kwa rufaa hiyo tafuta wakili, na kabla ya kutia sahihi popote mwambie akuandikie ada yake ni ngapi.