Mkataba wa Roma Mbele ya Siasa za Nyumbani

Waswahili husema ahadi ni deni. Nchi inaporidhia mkataba wa kimataifa hujifunga kwa hiari yake; lakini ulipaji wa deni hilo hutegemea wenye mamlaka nyumbani. Makala haya yanafafanua hali hiyo kwa kuitazama Kenya na Mkataba wa Roma, ulioiunda Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu (ICC).

Kenya iliuridhia mkataba huo Machi 2005, wakati ambapo haukumgharimu mwanasiasa yeyote. Gharama ilijitokeza baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilipoua zaidi ya watu 1,100, Kibera ikiwa miongoni mwa mitaa iliyoathirika vibaya. Tume ya Waki ilipendekeza iundwe mahakama maalumu nchini. Ikishindikana, washukiwa wakabiliwe na ICC mjini The Hague. Februari 2009 mswada wa mahakama hiyo ulipata kura 101 dhidi ya 93, ukaanguka kwa kukosa thuluthi mbili. Desemba 2010, wiki moja baada ya washukiwa sita kutajwa, Bunge lilipitisha hoja ya kuitaka Kenya ijiondoe mkatabani.

Kenya haikujiondoa. Hata hivyo, ICC haina polisi wake. Ushahidi mwingi huuomba kwa serikali za nchi wanachama. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto, washtakiwa waliokana mashtaka, walichaguliwa kuiongoza serikali hiyohiyo. Mashtaka ya Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014. Kesi ya Ruto ikakomeshwa Aprili 2016. Septemba 2016 majaji waliamua kwamba Kenya haikutimiza wajibu wake wa kushirikiana katika kesi ya Kenyatta.

Wakazi wa Kibera walikuwa wameachwa nje mapema. Machi 2011 majaji waliona kuwa matukio ya Kibera na Kisumu hayangeweza kuhusishwa na washukiwa waliotajwa. Hivyo walikosa mahakama maalumu nyumbani, na The Hague pia haikuwasikiliza. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, nyumba na maduka yaliteketezwa Kawangware.

Njia ya kisheria ingalipo. Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya 2008 inaziruhusu mahakama za Kenya kusikiliza kesi za uhalifu huo, na Katiba ya 2010, kifungu cha 2(6), inaifanya mikataba iliyoridhiwa kuwa sehemu ya sheria za nchi. Kwa hiyo, deni la Mkataba wa Roma linaweza kulipwa Nairobi kwenyewe. Kinachosubiriwa ni utashi wa kisiasa.